Msimu Tuliofungwa na Kila Timu

"Mama, huyu aliyeanzisha mpira wa kikapu, timu yake ilikuwa inashinda tu?"

Binti yangu kaniuliza jana, akimalizia kazi ya shule. Nikamwambia hapana. James Naismith aliuanzisha 1891 kule Springfield, Marekani, kisha akawa kocha wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kansas. Akashinda mechi 55, akafungwa 60. Hadi leo ndiye kocha pekee wa Kansas aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Binti akaandika, akaenda kulala. Mimi usingizi ukapaa.

Ilikuwa 2009. Hasheem Thabeet, kijana wa hapa hapa Dar, alikuwa amechaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na kila kijana akataka kucheza kikapu. Chuo chetu nacho kikaunda timu ya wasichana, ya kwanza. Wengi tulitoka kwenye netiboli: ukidaka mpira unasimama, ndivyo tulivyozoea tangu shule ya msingi. Tena tulinunuliwa mpira mmoja tu, namba 7, wa wanaume, na mechi za wanawake huchezwa na namba 6. Kila tulipoingia uwanjani tulikuta mpira mwepesi, mitupo yetu inavuka ringi. Kila timu ilitufunga.

Mechi ya mwisho tulicheza Upanga. Robo ya nne inakatika, tumeachwa mbali mno, na mashabiki wanaondoka kuwahi daladala. Nahodha wetu akamsogelea kocha, akamwomba aende meza ya waamuzi akachukue mapumziko. Kocha akamtazama, kisha akaenda.

Tulisimama duara, jasho linadondoka kwenye saruji. Nahodha alikuwa amefunga kitambaa kwenye goti, kimelowa. Hakutulaumu. Akasema, "Jamani, ile ya mazoezini. Mara moja tu, tuimalize kama tulivyofundishwa."

Tukarudi. Pasi ya kwanza kulia. Mwenzangu akamzibia njia mlinzi wangu, nikakata katikati, na mpira ukanifikia kifuani, mahali pake hasa. Safari hii sikusimama. Hatua mbili, nikaruka, nikaugusisha kwenye ubao. Nilisikia benchi letu zima likiinuka. Mpira ukazunguka ringi taratibu, ukainama ndani, ukatoka nje.

Wenzangu walinikumbatia kana kwamba umeingia. Nahodha alikuwa analia, akirudia, "Umeona? Umeona?" Sikumuuliza alitaka nione nini. Mwaka uliofuata hakukuwa na timu, kila mtu akaenda na maisha yake.

Watu husema kufungwa kunakukomaza. Huenda. Ile pasi ya kifuani naithamini kuliko vitu vingi nilivyopata baadaye, na wale dada nawapenda mpaka leo. Lakini mpira ule nilitaka uingie, na bado nataka.