Sado ilipomponyoka shangazi

Jumanne asubuhi tulikuwa mwaloni Kirumba, mimi na shangazi, tunapima dagaa. Shangazi akijaza sado, hakuna mteja wa kumwambia aongeze. Siku hiyo sado ikamponyoka. Dagaa wakamwagika kwenye turubai, naye akabaki anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Shangazi, umechoka?"

Alichojibu hakikuwa neno. Chai ikamchuruzika upande mmoja wa mdomo, na upande huohuo shavu limelegea. Nikahofia ni kiharusi. Nikachukua daftari la madeni nikaandika: saa 2:20. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina masaa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, na hospitali swali la kwanza ni hilo: ilianza saa ngapi?

Jirani akasema ni upepo mbaya wa ziwani, apakwe mafuta. Mwingine akaleta maji. Nikamzuia, maana mdomo ukilegea hivyo mtu anapaliwa kirahisi. Mpaka leo kaninunia. Wa tatu alikuwa na aspirini kwenye pochi. Hapana. Kiharusi kinaweza kuwa mshipa ulioziba au uliopasuka, na huwezi kujua mpaka kichwa kipigwe picha. Kama umepasuka, aspirini inazidisha damu kuvuja.

Bajaji ilipofika, shangazi alikuwa mzima. Kashika sado, anacheka. "Mwanangu, rudisha bajaji, wateja wanaondoka."

Nikiri: nilitaka kuirudisha. Ila mwaka juzi kijiko kilimwanguka baba mdogo mezani, ulimi ukawa mzito kwa dakika kumi hivi, kisha akawa sawa. Tukamtania kwamba kazeeka. Kesho yake upande wa kushoto haukuamka naye. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba dalili zikipotea zenyewe, mshipa umeziba ukafunguka, na siku mbili zinazofuata ndizo za kuogopa zaidi.

Nikamtajia jina la baba mdogo, basi. Ni mdogo wake wa tumbo moja. Akaweka sado chini, akaingia kwenye bajaji, tukapanda hospitali ya Bugando.

Presha ilikuwa 190 kwa 110. Vidonge alikuwa ameviacha tangu mfungo, eti alijisikia vizuri.

Sasa kila asubuhi, baada ya shikamoo, namwambia atabasamu, anyooshe mikono yote miwili, ataje bei ya sado. Leo kanijibu, "Unanipigisha gwaride," na bei akaipandisha.