Ami Aliuliza Chuo ni cha Nani

Likizo ya Agosti 2019 ilinikuta na daftari lenye majina ya vyuo vitatu vya Marekani, na pembeni hesabu za ada zilizofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nafundisha hisabati na kompyuta katika shule moja ya upili huku Lamu, na nilikuwa nimeshakata shauri kusoma masta ya sayansi ya kompyuta. Kwenda kukaa Nairobi miaka miwili haikuwezekana. Mamangu hakuwa akiweza tena kushuka ngazi peke yake, na ngazi za nyumba za mtaa wetu wa Mkomani azijuaye azijua: nyembamba, za mawe, kila kidato na kimo chake. Kwa hivyo ikabaki mtandaoni.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi kuwa shahada za namna hiyo ni za kununua. Hakusema uongo wote. Vipo vyuo vya mfukoni, vyenye majina marefu na tovuti za kumetameta, vinavyompa shahada yeyote mwenye kadi ya benki. Ndiyo maana kabla ya ada nilianza na ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo ni cha kweli. Marekani hakuna wizara inayovisajili vyuo vikuu vyote kama tulivyozoea sisi. Kazi hiyo hufanywa na mashirika ya ithibati, na Idara ya Elimu ya huko ina orodha ya vyuo vilivyothibitishwa ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Ukirudi kwetu, shahada ya nje hupelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itambuliwe na kulinganishwa na za hapa. Isipotambuliwa, cheti ni pambo la kuweka kwenye zidaka za ukutani pamoja na sahani za Kichina.

Vyuo vyangu vitatu vyote vilikuwa vya umma, vya utafiti, na vyote vilipita mchujo huo. Cha kwanza ni Georgia Tech cha Atlanta, kilichoanza kusomesha masta hii mtandaoni Januari 2014, ada yake yote ikitangazwa wakati huo kuwa haifiki dola 7,000. Cha pili, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, ambacho masta yake ya mtandaoni ilikuwa imeanza mwaka huo wa 2019 kwa dola 10,000. Cha tatu ni Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, zaidi ya dola 20,000. Dola ilikuwa shilingi mia moja na kitu, kwa hivyo hesabu haikuhitaji kikokotoo: laki saba, milioni moja, milioni mbili. Illinois nilijua siiwezi, lakini nilishindwa kuifuta. Huko ndiko kilikotengenezwa Mosaic, mojawapo ya vivinjari vya mwanzo vya intaneti, mwaka 1993, na mtu aliyejifunza intaneti kwenye mashine moja ya saiba mjini Lamu, akilipa kwa dakika, ana haki ya kutamani.

Ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, alikuwa akija kwetu kila baada ya alasiri. Huketi dakani, ukumbi wa mlangoni, huletewa kahawa, humjulia mama hali, kisha huuliza habari za kila mtu. Alisoma Riyadha, chuo cha dini hapa Lamu, ujanani, akafundisha watoto Kurani miaka mingi. Siku hiyo mama alikuwa ameshamwambia.

"Nasikia wataka kusoma kwa Wazungu bila ya kuwaona."

"Ndiyo, ami. Kwa mtandao."

"Na chuo chenyewe ni cha nani?"

"Cha serikali."

"Serikali ya Marekani?"

"Ya jimbo. Kila jimbo lina vyuo vyake."

Akatikisa kichwa. "Serikali ni jina tu. Yuko aliyetoa. Nani aliyetoa?"

Bahati nzuri hilo nilikuwa nimelisoma, tena kwa sababu ya Illinois. Nikamweleza kwamba mwaka 1862 rais wao Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoyapa majimbo ardhi, ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge ambao jimbo linao katika bunge la Washington. Ardhi iuzwe, fedha ziwekwe, na faida yake iendeshe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, ili hata watoto wa wakulima wasome. Chuo cha Illinois kilianzishwa mwaka 1867 kwa mpango huo.

"Ni kama wakfu, ami," nikasema.

Nilijua neno hilo litamfurahisha. Mji wetu una misikiti inayoishi kwa wakfu, wa nyumba, wa mashamba, na ami alikuwa na maoni juu ya karibu kila mmoja, nani anausimamia vizuri na nani anaula. Akaweka kikombe chini.

"Na hiyo ardhi waliipata wapi?"

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma, ingawa nilitaraji halitaulizwa. Nikamwambia kweli: ilikuwa ya wenyeji wa asili. Nyingine ilichukuliwa kwa mikataba waliyobanwa kuitia sahihi, nyingine kwa nguvu tu.

"Mtu haweki wakfu kisicho chake."

"Sheria zao si sharia yetu, ami."

"Mimi sisemi sheria. Nasema ardhi."

Mwaka huo mazungumzo ya ardhi Lamu hayakuwa ya kupitishia wakati. Bandari ilikuwa ikijengwa upande wa bara, na mwaka uliotangulia Mahakama Kuu ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bahari yao. Kila baraza lilikuwa na wakili wake. Kwa hivyo ami alipouliza juu ya ardhi ya Illinois hakuwa anauliza juu ya watu wa mbali.

Akataka kujua hivyo vingine viwili. Cha Texas, nikamwambia, katiba ya jimbo ya mwaka 1876 ilikitengea ekari milioni moja, baadaye ikaongezwa milioni nyingine, ardhi ya magharibi iliyo kame, ya malisho. Watu waliiona haina kazi mpaka mafuta yalipotoka mwaka 1923. Hapo ami alicheka, akasema hao waliopewa jangwa ndio waliopewa haki yao. Georgia Tech ilianzishwa na bunge la jimbo mwaka 1885, wakati watu wa kusini walipokuwa wakitaka viwanda baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na nikaona ni insafu nimwambie kuwa Georgia nayo ilikuwa nchi ya Wacreek na Wacherokee kabla ya kufukuzwa.

"Basi pasafi hupapati," akasema. "Lijue, kisha endelea. Mwalimu wako ni nani?"

Daftari langu lilikuwa na ada, tarehe, idadi ya masomo, tofauti ya saa. Jina la mwalimu halikuwamo hata moja. Na kwa mtu aliyesoma kama ami hilo ndilo swali. Hakuna aliyemuuliza maishani mwake alisoma wapi. Waliuliza amesoma kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka juu. Ijaza, ile ruhusa ya kufundisha, ni ya mtu kumpa mtu. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akaita, "Mwambie basi," kana kwamba namficha.

Usiku ule nilinunua bando nikakaa juu ya dari, ambako mtandao ulikuwa hauna kigugumizi. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo ada haikuwa ikinionyesha. Chuo cha utafiti, angalau katika masomo niliyoyataka, kilikuwa kimewaweka mbele ya kamera watu walewale wanaoandika tafiti. Na Georgia Tech ilikuwa imeachia mihadhara yake mingi wazi, unaitazama bila kulipa senti. Sijui kwa nini watu wanaochagua chuo husoma kurasa za matangazo saa nzima na hawatazami somo moja. Nilitazama. Somo la mashine kujifunza lilifundishwa na Charles Isbell, ambaye mwezi uliotangulia tu alikuwa ameanza kazi ya ukuu wa kitivo cha kompyuta hapo, pamoja na Michael Littman wa Chuo Kikuu cha Brown. Walikuwa wanabishana. Mmoja anaeleza, mwingine anajifanya mwanafunzi mkaidi, wanataniana, na katikati ya utani hesabu inapita bila kupunguzwa chumvi.

Nikakutana na ubaya wake pia. Darasa la kwanza la mwaka 2014 lilikuwa na wanafunzi kama 380; kufikia mimi natafuta walikuwa maelfu. Ndiyo siri ya bei: muhadhara hurekodiwa mara moja, kampuni ya simu ya AT&T ilichangia mtaji wa kuanzia, na kazi zako husahihishwa na walimu wasaidizi. Isbell hatanijua kwa jina. Tena katika darasa moja la akili bandia mwaka 2016 Profesa Ashok Goel aliweka mwalimu msaidizi aitwaye Jill Watson, akajibu maswali muhula mzima, na wanafunzi hawakuambiwa mpaka mwisho kwamba ni programu.

Kesho yake niliteremka na laptopu dakani. Kiingereza cha ami kilikuwa cha kuuzia watalii tu, kwa hivyo nilimtafsiria.

"Hawa wawili wafundisha au wagombana?"

"Yote mawili."

"Vizuri. Huyu kijana alisoma kwa nani?"

Kijana mwenyewe alikuwa mtu mzima, lakini kwa ami kila asiyefika sabini ni kijana. Nikamwambia Isbell shahada ya kwanza aliichukua hapohapo Georgia Tech, akaenda kuchukua uzamifu MIT, chuo kingine mashuhuri cha Marekani, akarudi kufundisha alikotoka. Hilo lilimpendeza kuliko MIT yenyewe. Akanitaka nirudishe nyuma mahali walipocheka, nikarudisha, akataka tena. Nilipomweleza habari za Jill Watson alinyamaza, kisha akauliza isnadi ya mashine, ule mnyororo wa nani alisoma kwa nani, ni ipi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona wanaouza akili bandia nao hawana.

Yaliyobaki yalikuwa ya dunia. Ada ya Georgia ililipwa somo kwa somo, masomo kumi, na ulipewa miaka sita ya kumaliza. Mshahara wa mwalimu unaweza kuyabeba hayo muhula mmoja mmoja, milioni ya Texas hauwezi kuibeba hivyo kwa raha. Cheti hakiandikwi kwamba ulisoma kwa mtandao. Kuingia si kugumu sana, mlango wa kutoka ndio mwembamba: lazima upasi masomo mawili ya msingi kwa alama ya B au zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, la sivyo huendelei. Nililipenda hilo. Shule nyingi hufanya kinyume, zinakusumbua mlangoni kisha zinakuachia utoke hata ukilala.

Saa ndizo zilizomshughulisha mama. Mkutano na walimu wa Atlanta saa moja jioni kwao ni saa nane za usiku kwetu, na wakigeuza saa zao wakati wa baridi inakuwa saa tisa. Kazi inayokwisha muda wake usiku wa manane kwao ilikuwa itaniangukia saa moja asubuhi, nikiwa njiani kwenda shule. Na mitihani hufanywa mbele ya kamera: unazungusha laptopu kuonyesha chumba kizima, na asiingie mtu.

"Asiingie mtu," mama akarudia. "Nyumba hii?"

Watoto wa dada yangu walikuwa wakikimbizana ngazini wakati huo. Ikaamuliwa, yaani mama akaamua, kwamba siku za mtihani watapelekwa Shela kwa khalati yao tangu asubuhi, na mtu akibisha mlango ajibiwe kutoka dirishani. Mipango hii yote ilipangwa kabla sijaandika hata jina langu kwenye fomu.

Nikaijaza. Walitaka watu watatu wa kunidhamini kwa barua. Wawili walikubali siku hiyohiyo, wa tatu, mhadhiri wangu wa zamani, nilimfuata kwa simu mpaka akachoka. Nilipotuma nilipita mtaa wa Langoni kununua nazi, na kabla sijafika sokoni nikaisikia sauti ya ami kwenye baraza. Alikuwa akiwasimulia wazee wenzake habari za Lincoln na zile ekari. Mzee mmoja alishikilia kwamba aliyewaacha huru watumwa hawezi kunyang'anya watu ardhi. Ami akamwambia mtu huyohuyo mmoja anaweza kufanya yote mawili, tena mwaka mmoja. Wa tatu akauliza hizo ekari thelathini elfu ni kubwa kuliko kisiwa cha Manda au ndogo.

Ami akaniona. "Muulizeni huyo, ndiye anayesoma kwao."

Nikawaamkia, nikawaambia nimechagua Georgia, wala si Illinois.

"Mashallah," wakasema, wakaendelea na Illinois.