Jinsi Omena Ilivyonipandisha Cheo

Karibu kila aliyenishauri kuhusu kupandishwa cheo chuoni alinihimiza niachane na akina mama wanaokausha omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, niandike makala. Profesa mmoja mkongwe, ambaye Dunga huifahamu kwa samaki wa kukaangwa tu, aliniambia kwamba nikishindwa kuwaacha basi niambatishe picha nyingi na barua za shukrani chini ya huduma kwa jamii. Nilimtii, na kamati ikazipa picha hizo alama za mtu aliyepanda mti siku ya sherehe, ilhali wanafunzi wangu walikuwa wamejifunza kupima unyevu wa omena papo hapo ufuoni.

Ombi la pili halikuwa na picha hata moja. Kwa kuwa mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya wa 2014 ulitoa alama kwa machapisho, niliihamishia kazi yote sehemu ya utafiti, nikaeleza kwamba swali lenyewe lilitoka kwa mama mmoja aliyeniuliza, "Mwalimu, mbona omena ya mchangani huoza mvua ikinyesha, na ya juu ya wavu ulioinuliwa haiozi?" Afisa wa uvuvi wa kaunti nilimwomba aandike kilichobadilika ufuoni, wala si sifa zangu. Niliongeza pia kwamba Marekani, vyuo vinavyoomba hadhi ya ushirikiano na jamii ya Wakfu wa Carnegie, unaoainisha vyuo vya huko, iliyoanza kutolewa 2006, huulizwa iwapo kanuni zao za kupandisha vyeo zinaitambua kazi ya namna hii. Hilo liliwagusa, maana wakubwa wetu hupenda kulinganishwa na ng'ambo.

Lakini kilichowamaliza ni mifuko miwili niliyoingia nayo kwenye usaili. Niliimwaga omena ya mchangani juu ya karatasi nyeupe, nikamwomba mwenyekiti aisugue kwa viganja. Mchanga ukatapakaa mezani, mwingine ukaingia kwenye mkono wa koti lake. Ya kichanjani, yaani ya juu ya wavu ulioinuliwa, iliyokauka kwa hewa inayopita juu na chini, iliacha magamba machache tu. Swali la kwanza lilikuwa bei ya gorogoro, yaani mkebe wa kupimia sokoni. La pili lilikuwa gharama ya kichanja, nikajibu kwamba ni mbao na nyavu kuukuu, elfu chache hivi.

Sasa mimi ni mhadhiri mwandamizi, ingawa fomu bado ina mistari miwili tu ya kazi ya jamii. Anayeomba mwaka huu aandike hapo "tazama kiambatisho", na atakayemshauri kuhusu picha amjibu kwa adabu kwamba albamu imejaa.