Kishikio cha kikombe kwenye viti vya kukunja

Ukumbi mmoja hapa Mbeya ulinipa viti vya kukunja niviwekee vishikio vya vikombe. Julai hii, kwa baridi yetu, watu huingia na chai ya tangawizi.

Kwanza nilichomelea ringi ubavuni mwa kikalio. Kosa la kitoto: mtu akisimama kikalio kinajiinua, chai inammwagikia jirani. Nikahamishia nyuma ya kiti cha mbele. Hapo kikombe kilitulia, ila viti vikikunjwa ringi zilikwaruzana, na magoti ya wapitao yaliumia.

Dawa ikawa bawaba ndogo ya kabati. Ringi ya nondo ya milimita 6, upana sentimita 7.5, inalala wima kwenye mgongo wa kiti. Ukiivuta inashuka na kukaa juu ya kipande cha chuma nilichochomelea kama kizuizi. Kitako cha kubeba kikombe kwa chini ndicho kilichonisumbua siku mbili. Mwishowe nilipinda mkanda wa bati umbo la U, nikaufunga kwa ribiti mbili zilizolegea pembeni mwa ringi. Unaning'inia wenyewe, na ringi ikifungwa nao unalala bapa. Sumaku ya spika mbovu, niliyookota Mwanjelwa, inaizuia ringi iliyofungwa isidondoke.