Deni la familia ya Kihindu: litolewe kabla ya kugawa mafungu

Kodi ya mirathi ya India haiwahusu waliofariki kuanzia tarehe 16 Machi 1985. Kwa vifo vya kabla ya hapo, sheria inayotawala ni Sheria ya Kodi ya Mirathi ya 1953, na kwenye mali ya pamoja ya familia ya Kihindu hesabu huharibika mahali pamoja: deni linatolewa wapi.

Chini ya Mitakshara, mfumo wa sheria ya Kihindu unaofuatwa sehemu nyingi za India, baba na wanawe wakati huo walimiliki mali kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na fungu lake mpaka wagawane. Ndiyo maana kifungu cha 39 kinatumia mgawanyo wa kudhani tu: chukulia familia imegawana mara tu kabla ya kifo, kisha tazama marehemu angepata nini. Hicho ndicho kinachotozwa kodi. Na Wahindu wakigawana mali kwelikweli, madeni ya familia hutengewa fedha kwanza, ndipo mafungu yapatikane.

Tuseme mali ni rupia 600,000, deni la familia 120,000, baba amefariki akiwa na wana watatu na mkewe alishatangulia. Ondoa deni: zinabaki 480,000. Gawa kwa nne: fungu la baba ni 120,000. Kumtwisha marehemu deni lote peke yake, fungu libaki 30,000, hakukubaliki, hata kama warithi wangependa.

Mtu atasema: si ni sawa na kugawa 600,000 kwa nne, halafu kutoa robo ya deni? Fungu la baba ni lilelile, kweli. Lakini kifungu cha 34 kinajumlisha pia mafungu ya wana na wajukuu wa marehemu ili kupata kiwango cha kodi. Ukiacha mafungu ya wana bila kutoa deni, jumla inakuwa 570,000 badala ya 480,000, na familia inapandishwa ngazi bure. Ngazi ya juu kabisa ilifika asilimia 85, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

Kabla ya kugawa, hesabu mafungu vizuri. Mke akiwa hai, sehemu nyingi za India humpa fungu sawa na la mwana baba na wanawe wanapogawana. Upande wa Madras, kusini mwa India, desturi hiyo ilishakufa.

Si kila deni lililosainiwa na karta, yaani kiongozi wa familia, ni la familia. Lazima fedha ziwe zilikwenda kwenye haja ya familia au faida ya mali yake: kodi ya ardhi, matibabu, biashara ya pamoja. Deni binafsi la baba nalo liliwafunga wana wakati huo (kanuni iliyofutwa mwaka 2005 kwa madeni mapya), isipokuwa la mambo machafu kama kamari. Deni binafsi la ndugu lina hukumu nyingine: linakaa kwenye fungu lake mwenyewe.

Kisha kuna kifungu cha 44, kinachotaka deni liwe la kweli na lililopokelewa thamani kamili. Hapa hati ya rehani au hundi peke yake haitoshi. Ambatanisha daftari la familia linaloonyesha fedha zikiingia na zilikotumika. Cha 46 kinabana zaidi: kama mkopeshaji alipata fedha hizo kwa zawadi ya marehemu mwenyewe, deni hilo hupunguzwa au hukataliwa.