Mamangu alishawaambia kitambo

Watu wa kwetu Kisauni, Mombasa, wanajua mimi niko chuo kikuu tangu 2022. Mimi mwenyewe nimeingia chuo kikuu Septemba hii ya 2024. Hiyo miaka miwili ya hapo kati ndiyo nataka kuandika leo, manake mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza nimeufanya asubuhi, usingizi umekataa, na mama mdogo yuko kazini usiku kwa yule mzee anayemtunza kwa hivyo nyumba iko kimya.

Ilianza na C plain. KCSE ya 2017, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ule mwaka ambao kati ya watoto laki sita na ushee ni kama elfu 70 tu walipata C+ kwenda juu, na bila C+ chuo kikuu Kenya unakisikia kwa redio. Mimi nilikosa kwa hatua moja. Mamangu hakusema kitu. Aliniwekea mahamri mawili zaidi kwenye sahani, na hayo mahamri yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Halafu ikaja grini kadi ya bahati nasibu, kile kibali cha kuishi Marekani, nikatua Los Angeles Februari 2020, mwezi mmoja baadaye mji wote ukafungwa. Nikapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja. Shule sikuiwaza kabisa mpaka mwenzangu wa kazini, Mfilipino wa miaka hamsini na kitu, akaniambia yeye anasoma jioni komyuniti koleji. Nikamuuliza walitaka alama gani. Akasema hakuna. Nikarudia kumuuliza, nikidhani Kiingereza changu ndicho kina shida. Hakuna, ukishafika miaka 18 unaingia, na kama umekaa California zaidi ya mwaka unalipa dola 46 kwa yuniti, yaani kile kipimo cha uzito wa somo, na kama mshahara wako ni mdogo kama wangu kuna fomu unajaza na hizo 46 pia wanakusamehe. Siku hiyo nilipakia mizigo kama mtu aliyekunywa kitu.

Basi Agosti 2022 nikampigia mamangu. Mama, nimeanza koleji. Kimya. "Koleji ya nini, mwanangu?" Hapo nikajua neno lenyewe ndilo kosa. Kwetu koleji ni pale unapokwenda ukikosa chuo kikuu, kozi ya kompyuta ya miezi sita ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Nikaanza kumweleza: unasoma miaka miwili hapa, yuniti 60, halafu unahamia chuo kikuu unaingilia mwaka wa tatu, na cheti cha mwisho ni cha chuo kikuu tu, hakionyeshi ulipitia wapi, na wala si ujanja, jimbo lenyewe liliupanga mfumo huu tangu 1960. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo uko chuo kikuu ila bado hujafika." Nikasema ndiyo mama, kitu kama hicho.

Jumapili ya chama cha akina mama akawaambia wenzake, na ile "ila bado hujafika" ikadondoka njiani.

Kuna mtu akamuuliza chuo kipi. Akajibu cha Los Angeles. "UCLA?" Hiyo hiyo. Ndivyo nilivyochaguliwa chuo mimi, na wanawake kumi na wawili waliokaa mkekani Kisauni. Kaunsela alinishauri vizuri sana, kuna vyuo sita vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California chenye matawi mengi, vinakupa mkataba kabisa, ukitimiza alama na masomo waliyotaja nafasi yako ipo, Irvine, Davis, Santa Barbara na wengine, lakini UCLA na Berkeley na San Diego hawamo kwenye huo mpango. UCLA, tawi la Los Angeles, wanaotransfa, yaani wanaohamia kutoka koleji, wanaochukuliwa ni kama robo ya walioomba. Nikaweka mkataba na Irvine kama mtu mwenye akili, halafu moyo wote nikaupeleka UCLA. Nitamwambia nini mamangu, wahame mkekani?

Huku nyuma binamu zangu wanaomba picha za chuo. Koleji yetu sehemu kubwa ilikuwa maegesho ya magari. Nilikuwa napiga picha miti.

Lakini nisiiseme vibaya, pale ndipo nilipojifunza kusoma. Kalkulasi tulikuwa tunasoma saa moja usiku, darasani kuna askari mstaafu, kuna nyanya mmoja wa Guatemala aliyekuwa anakuja na mjukuu na daftari mbili, moja yake moja ya mtoto achore. Mwalimu alikuwa wa kulipwa kwa somo, anafundisha koleji tatu tofauti kwa wiki, ofisi hana, ukitaka msaada unamfuata kwenye gari, anafungua buti, anatoa ubao mdogo mweupe, na mnasuluhisha hesabu hapo chini ya taa ya maegesho. Sijawahi kufundishwa vile tena.

Na kuna hii. UC walikuwa wanataka uthibitisho wa lugha nyingine isiyo Kiingereza. Kaunsela akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya sekondari, nikaleta ile KCSE niliyokuwa nimeificha hata mimi mwenyewe nisiione. Akapitisha kidole, akaruka hesabu, akaruka kemia, akasimama kwenye Kiswahili, B+. "Hii inatosha." Alama nyingine zote hakuna aliyeziuliza. Insha nilizoandika Kisauni nikinung'unika kuhusu ngeli ndizo pekee zilizovuka bahari nami.

Nikaomba Novemba 2023, maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Jibu moja niliandika kuhusu C plain, nikalifuta, nikaliandika tena. Jibu la UCLA likatoka Aprili nikiwa kazini, mapumziko ya saa tatu usiku, Kisauni saa moja asubuhi, wateja wa mahamri wamejaa. Mama nimepata! "Umepata nini?" UCLA mama, wamenichukua. Kikapita kimya, kisha nikasikia "Alhamdulillahi", chini kwa chini, kama mtu anayeficha noti kwenye leso. Halafu sauti ikapanda, anaongea na mteja, "Si kitu, ni mwanangu, anasalimia."

Hakuna aliyenipa hongera. Watakupaje hongera ya kitu ambacho wewe unacho tangu juzi? Nikarudi kupakia mizigo.

Sasa hapa penyewe. UCLA muhula ni wiki 10 tu, wiki ya nne uko ndani ya mtihani bado hujajua choo kiko wapi, na wewe eti ni mwaka wa tatu, wenzako wana marafiki tangu mabweni ya mwaka wa kwanza. GPA, ule wastani wa alama niliouhangaikia miaka miwili, umebaki kule nilikotoka, huku unaanza upya. Mtihani wa kwanza wa uchumi nilipata 54. Nikapanda zile ngazi 87 za Janss hapo chuoni polepole sana siku hiyo. Saa za kumwona lekchara nikakuta foleni ya watu ishirini, nikamkumbuka yule mwalimu na buti lake.

Kumbe hata Jackie Robinson, yule mchezaji besiboli Mmarekani Mweusi, alitransfa hapa, alianzia koleji ya miaka miwili Pasadena, akaingia UCLA 1939, akaondoka 1941 bila digrii. Na ni yeye huyo huyo aliyetia jina lake mwaka 1959, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, kwenye barua ya kuchangisha pesa ya ndege ya Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya, ile iliyobeba wanafunzi 81 kuja kusoma Marekani. Nimekuwa nikiwawaza sana hao 81, barua zao za kwanza nyumbani ziliandikwa nini. Sidhani kuna aliyeandika nimepata 54.

Jioni hii mjomba kapiga. Huyu ndiye niliyekuwa namkwepa, manake ni mtu wa kuhesabu.

"Uko mwaka wa ngapi sasa?"

Wa tatu, mjomba.

"Ulianza 2022, sivyo?"

Nikasita. Ndiyo.

Nikamsikia anahesabu kwa vidole, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne.

"Basi unamaliza 2026, kama mamako alivyosema. Hebu niachie niongee na mama mdogo."