Zile chupa za kung'aa

Nilikuwa na miezi minne tu kazini siku nilipopewa kuchagua chupa za sentrifuji, ile mashine ya labu inayozungusha maji kwa kasi mpaka vilivyomo vishuke. Bosi alikuwa ameshika simu kwenye sikio moja, akanisukumia proforma tatu za bei mezani akasema, "Wewe ndio unazungusha, wewe chagua, kesho nataka jibu." Basi. Nikatoka pale kifua mbele kama nimepandishwa cheo, maana sisi watu wa diploma kwenye ile labu tulikuwa wa kubeba na kuandika lebo, mambo ya kuchagua kitu cha pesa yalikuwa ya wenye digrii.

Hii ilikuwa 2016, Kampala, labu ndogo ya mradi, vyumba vitatu na stoo, jina sitaji. Kazi yetu ilikuwa maji machafu. Kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri nakwenda na boda mpaka mfereji wa Nakivubo, ule unaokatisha mjini karibu na soko la Owino, unateremka Industrial Area, unaingia kinamasini mpaka ziwani kwenye ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo hiyo ndio mitambo ya Ggaba inavuta maji ya mji kunywa, so ukifikiria sana unaweza kuacha chai. Nachota na ndoo ya kamba, najaza jerikeni, narudi nimeikumbatia kwenye boda, yule kijana wa boda miezi yote alidhani nabeba pombe ya waragi.

Tulikuwa tunatafuta virusi vya tumboni humo ndani. Virusi ni vidogo mno huwezi kuvizungusha tu vikashuka, kwa hiyo kwanza unazungusha polepole uondoe matope, halafu maji ya juu unayatilia PEG, kemikali ya kuvikusanya virusi, na chumvi, unayalaza frijini usiku kucha vigandamane, asubuhi unazungusha tena kwa nguvu. Mwisho wa yote hayo unapata kitone cha mashapo kimeganda ubavuni mwa chupa, cheupe cheupe, wakati mwingine hakifiki hata ukucha wa mtoto. Hicho kitone ndio kazi yenyewe. Ukimwaga maji nacho kikaenda, basi ulikwenda Nakivubo kutalii.

Na mimi nilikuwa nakimwaga. Si mara moja. Chupa za zamani zilikuwa zimechoka, nyeupe kama maziwa, huoni ndani kitu, unainamisha chupa kwenye sinki unaomba Mungu. Kwa hiyo nilipofungua zile proforma nikaona ya kwanza ni plastiki ya polikaboneti, mil 250, angavu kama gilasi, sikusoma zaidi. Nyingine mbili moja ilikuwa polipropilini ya kawaida, moja kopolima ya polipropilini, yaani iliyochanganywa na plastiki nyingine, zote za ukungu ukungu kama zile tulizokuwa nazo. Bei hazikupishana sana. Nani achague ukungu?

Nyuma ya proforma kulikuwa na ukurasa wa jedwali, kemikali upande huu, plastiki upande huu, herufi ndogo ndogo. Niliuona. Niliuona kabisa.

Sasa kulikuwa na mzee wetu wa kuosha vyombo. Alikuwa askari zamani, na humo labuni ndiye mtu wangu wa Kiswahili, wengine wote Luganda na Kiingereza. Mimi Kiswahili nimekinyonya kambini Jinja, baba alikuwa jeshi, na watoto wa kambi mama yako anaweza kuwa Mlugbara, jirani Mteso, mkitoka kwenda mpirani ni Kiswahili tu. Mzee aliposikia nikiongea siku ya kwanza aliuliza kambi gani, hakuuliza kijiji. Jioni ile nikamwonyesha picha ya chupa, akaiangalia kwa mbali maana miwani hana, akasema, "Nzuri. Zitaoshwa na nini?"

"Si sabuni, mzee."

"Sabuni ipi, mwanangu?"

Nikacheka. Nikaona huyu mzee naye, chupa haijaagizwa anauliza sabuni.

Zilipofika bwana, zilikuwa zinapendeza. Nane kwenye boksi, vifuniko vyekundu, kila kifuniko na oringi yake nyeusi, pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ukigonga kwa kucha inalia ti! Wiki ya kwanza nilikuwa naona kitone changu kama naangalia samaki kwenye tangi, namwaga maji taratibu nimekikazia macho, sipotezi hata kimoja. Nikaanza kujigamba. Na kwa vile chupa zilikuwa nzuri hivyo nikabuni na njia ya mkato. Ile hatua ya klorofomu ya kusafisha mafuta ilitakiwa ifanywe baadaye kwenye tyubu ndogo, mimi nikawa naitia humo humo kwenye chupa kubwa, kwanini nihamishe mara mbili nipoteze sampuli? Hakuna aliyenikataza kwa sababu hakuna niliyemwambia.

Mzee upande wake alikuwa anaziosha kama alivyoosha kila kitu, sabuni ya unga ya kufulia, maji moto, zinalala kwenye karai mpaka asubuhi, halafu otokilevu, lile pipa la mvuke la kuua vijidudu, nyuzi 121. Wiki ya tatu zikaanza kufifia. Mng'ao unakuwa kama kioo cha bafuni. Nikadhani ni chumvi ya maji ya mfereji, nikawa nazisugua kwa siki, nasema mzee haoshi vizuri siku hizi, na kweli nilimwambia, kwa adabu lakini nilimwambia. Hakujibu. Alichukua moja akaenda nayo dirishani akaigeuza geuza juani, akaniita. Karibu na kitako kulikuwa na mistari midogo midogo, myembamba kama utando wa buibui, ukipitisha kidole husikii kitu, ila jua likiingia inameremeta. Akaigonga kwa kucha. Haikulia ti. Ililia kama umegonga boga.

"Hii inaumwa," akasema.

Nikamwambia tutaangalia, nikaitia maji nikaipeleka kwenye rota, kile kichwa cha mashine chenye mashimo ya chupa. Sampuli zilikuwa zinasubiri.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu usiku. Nimepanga chupa nne, nimezipima kwenye mizani zikiwa na vifuniko vyake kila jozi inalingana, hapo sikuwa na kosa. Mashine ikaanza kupanda, ule mlio wake wa kawaida wa kama nzi anayekwenda mbali, nikageuka kuandika daftari. Halafu nikasikia kitu kama mtu amevunja mwiko, tap! na mashine nzima ikatetemeka, meza ikatetemeka, kikombe changu cha chai kikatembea chenyewe kama kinakwenda kwa jirani. Mashine ikajizima kwa kengele ya mizani kupotea. Rota inachukua dakika kadhaa kusimama na dakika zile ni ndefu bwana, umesimama ukutani huna la kufanya, unasikia tu inavyopunguza.

Dada mmoja Mkenya aliyekuwa anasomea PhD pale alikuja mbio, akaniuliza kuna nini ndani, nikasema maji ya Nakivubo na klorofomu. Alinyamaza kidogo. Akatutoa wote chumbani, akafunga mlango, nusu saa, maana ukifunua haraka ule mvuke wa matone unaupumua wewe. Tulipofunua, harufu ilikuwa tamu, ile tamu ya klorofomu, na chini yake choo. Chupa moja ilikuwa imepasuka kitako chote kimeng'oka, ya pili ina ufa kutoka bega mpaka chini, na bakuli la mashine limejaa supu. Mzee akaja na dawa ya klorini, dada akamshika mkono, "Hapana mzee, hii rota ni aluminiamu, klorini itaila," ikabidi tutafute dawa nyingine isiyokula chuma, tukafuta kwa karatasi na glavu mbili mbili mpaka saa nane mchana. Sampuli za wiki mbili zilikwenda na zile karatasi.

Halafu dada akanikalisha. Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Protokali, mwongozo wetu wa kazi, inasema uzungushe ngapi?"

"Elfu kumi."

"Elfu kumi nini?"

Mimi nikamwangalia. Elfu kumi, si elfu kumi? Akachukua kalamu. Protokali ilikuwa inasema 10,000 g, na hiyo g si gramu, ni nguvu, mara elfu kumi ya mvuto wa dunia, mimi kwenye mashine nilikuwa naweka 10,000 za mizunguko kwa dakika. Rota yetu radiasi yake ni sentimita 13.7. Unazidisha mizunguko kwa mizunguko, mara radiasi, mara 0.00001118, inakuja 15,300 na kitu. Nilitakiwa niweke kama 8,080 hivi. Nikawa naziendesha nusu zaidi ya inavyotakiwa, wiki zote zile. Akaniambia piga hesabu, gramu 250 za maji kwa 10,000 g zinalemea chupa kama kilo ngapi? Tani 2.5. Ni pikapu imejaa matoke imekaa juu ya kitako cha plastiki, na mimi nilikuwa nimewaongezea abiria.

Jioni nikaisoma ile jedwali ya nyuma ya proforma, kwa tochi ya simu maana umeme nao ulikatika. Polikaboneti na klorofomu: hapana. Polikaboneti na alkali: hapana, na sabuni ya unga ya kufulia ni alkali. Otokilevu inakubali, lakini kila ukiipika nguvu yake inapungua. Swali la mzee lilikuwa pale, mstari wa tano.

Kesho yake nilimtafuta kabla hajavaa aproni nikamwomba radhi kwa yale maneno ya kutoosha vizuri. Akasema yameisha, akauliza zile zilizovunjika ziko wapi. Tukachukua vipande viwili, tukaviweka kwenye bika ya klorofomu ndani ya kabati la kuvuta hewa, kimoja cha chupa ya kung'aa, kimoja cha chupa ya zamani ya ukungu. Mpaka saa ya chai kile cha kung'aa kilikuwa kimelainika kinanata kwenye koleo, mzee akakibonyeza akasema sukari guru iliyolowana. Kile cha ukungu kilikuwa kimekaa tu. Si kwamba polipropilini haijali kabisa, ukiilaza humo siku nyingi nayo inavimba, lakini kwa nusu saa ya kazi inavumilia.

Kwa bosi nilikwenda peke yangu. Nilimweleza yote, na njia ya mkato, na mizunguko. Akasema niandike barua, simu ikalia, akaipokea.

Mara ya pili nilichagua na tepu ya fundi mkononi. Nilipima shimo la rota, upana na urefu mpaka kwenye kifuniko, maana chupa ya mil 250 ya kampuni hii si lazima iingie kwenye rota ya kampuni ile, bega likipwaya linabeba uzito lisilotakiwa kubeba. Nikasoma mwisho wa nguvu ulioandikwa kwa kila chupa, ikiwa imejaa, maana kwenye rota ya pembe kama yetu, inayolaza chupa mshazari, chupa nusu tupu inabonyea, ijaze walau asilimia 80. Polipropilini ya kawaida niliiacha kwa sababu ya baridi, sisi tunazungusha kwa nyuzi 4 na chupa inatoka frijini, na ile kwenye baridi inakuwa kavu, ikianguka inaweza kupasuka. Kopolima inavumilia baridi vizuri zaidi, inapikwa otokilevu, sabuni haiitishi. Klorofomu nikairudisha kwenye tyubu ndogo inakotakiwa. Halafu nikampelekea mzee karatasi kabla ya bosi. Akauliza oringi za akiba zipo? Hazikuwepo. Nikaandika oringi ishirini.

Zilichukua karibu miezi miwili kufika, tukawa tunagawa kila sampuli kwenye tyubu za mil 50, kazi ya kitumwa ile, sitaki kuisimulia.

Zilipofika mzee akaishika moja akaipeleka dirishani kama kawaida yake. Ukungu mtupu.

"Sasa kitone chako utakionaje?"

Hapo ndio nilikuwa na jibu, nilikuwa nimelala nalo. Kwenye rota ya pembe mashapo hayashuki katikati, yanalala upande wa nje. Kwa hiyo ukichora mstari kwenye chupa na ukaiweka mstari ukiangalia nje, unajua kipo wapi hata bila kukiona. Nikampa mzee kalamu ya maka, akachora mistari minane kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika namba kwenye masanduku ya risasi, minene, imenyooka. Asubuhi ya pili nikazungusha kwa 8,080, nikatoa chupa, nikaweka tochi ya simu nyuma ya mstari. Mzee akainama, miwani hana, akaweka kidole juu ya kivuli kidogo cheusi.

"Ndio huyu?"

"Ndio huyo."

"Basi mwaga polepole," akasema, akarudi kwenye karai lake.